EAT-26 na wenzake: uhakiki wa madodoso ya ulaji na umbo la mwili kwa wanafunzi wa vyuo

EAT-26 ni dodoso lenye sentensi 26 fupi, ambalo mwanafunzi hulijaza kwa kalamu au kwa simu katika muda usiozidi robo saa, na ambalo mtunzi wake ameruhusu litumiwe bila malipo. Kazi yake ni kumtambua mapema mtu ambaye ulaji wake umeanza kuvurugika, hasa kwa hofu ya kunenepa, kabla hali haijamfikisha wodini. Nimelikagua kwa macho ya mtu anayetaka kulitumia. Ninafundisha katika chuo kimoja hapa Unguja, na kwenye dawati letu la ushauri wamekuwa wakija vijana wanaoruka milo kwa makusudi, wanaokunywa chai za kupunguza mwili zinazouzwa kwenye maduka ya vipodozi, au wanaokimbia uwanjani jua likiwaka ilhali hawajatia kitu tumboni tangu jana yake. Tulihitaji kipimo, na hiki ni miongoni mwa vipimo maarufu kuliko vyote. Nimekilinganisha na vingine viwili, yaani EDE-Q ya Uingereza, dodoso la matatizo ya ulaji, na Negative Physical Self Scale ya China, dodoso la mtu kutoridhika na mwili wake, kwa sababu ubora na upungufu wa dodoso moja huonekana vizuri zaidi likiwekwa kando ya jingine.

Huenda msomaji akauliza China inaingiaje hapa. Inaingia kwa kuwa madodoso mawili ya mwanzo yalizaliwa Kanada na Uingereza, kwa mazoea ya kula ya huko, na miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kuyajaribu mbali na huko ni watafiti wa China na Hong Kong, ambao kwa miaka mingi wamewapa wanafunzi wa vyuo vyao wayajaze. Mwanafunzi wa Chongqing au wa Shenzhen anakaribiana na wa kwetu katika mambo yanayoligusa dodoso lenyewe: kwake wali ndio mlo, si kitu cha pembeni, analala dakhalia chumba kimoja na wenzake, na akirudi nyumbani, bibi na shangazi humwongezea chakula bakulini bila kumuuliza kama ameshiba. Isitoshe, China si nchi ngeni Visiwani. Madaktari wa mkoa wa Jiangsu wamekuwa wakija kututibu tangu 1964, Unguja na Pemba, na wapo vijana wetu waliosoma huko wakaishi ndani ya dakhalia hizo ninazozitaja.

Dodoso lenyewe lilitungwa Toronto. David Garner na Paul Garfinkel walichapisha toleo la kwanza mwaka 1979 likiwa na sentensi 40, na mwaka 1982, pamoja na wenzao wawili, wakalipunguza hadi 26. Sentensi hizo zimegawika mafungu matatu: 13 zinahusu kujinyima chakula ili kupungua, 6 zinahusu kula kwa pupa na kushughulishwa na fikra za chakula, na 7 zinahusu kujidhibiti katika kula. Kila sentensi ina majibu sita, kuanzia "daima" hadi "kamwe". Majibu matatu ya juu yanapata alama 3, 2 na 1, na matatu ya chini yote yanapata sifuri, isipokuwa sentensi ya mwisho, ambayo huhesabiwa kinyume. Alama za juu kabisa ni 78, na anayefikia 20 anashauriwa aonane na mtaalamu. Baada ya hapo yapo maswali machache ya vitendo: kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, kujitapisha, kutumia dawa za kuharisha, kufanya mazoezi ya kupindukia, na kupungua kilo 9 au zaidi katika miezi sita.

Nianze na sifa zake, maana zipo na ni za kweli. Ni rahisi kulieleza, ni rahisi kulihesabu bila kompyuta, na limetumika katika nchi nyingi kiasi kwamba anayelitumia Tunguu, hapa Unguja, anaweza kulinganisha matokeo yake na ya mwenzake wa Beijing. Maswali yake ya vitendo ndiyo niliyoyapenda zaidi. Kujitapisha kwa makusudi baada ya kula ili usinenepe ni jambo lisilohitaji ufafanuzi mwingi, na mwanafunzi aliyejibu kwamba analifanya anastahili kuitwa na kusikilizwa hata kama jumla ya alama zake ni ndogo. Kwa maoni yangu sehemu hii fupi ina thamani kuliko nusu ya sentensi zote zilizoitangulia.

Kasoro kubwa imo katika fungu la tatu. Sentensi zake saba zinamuuliza mtu kama huepuka kula anapokuwa na njaa, kama hukata chakula vipande vidogo, kama anahisi wengine wangependa ale zaidi, kama watu humwona mwembamba mno, kama huchukua muda mrefu kuliko wengine kumaliza mlo, kama hujizuia mbele ya chakula, na kama anahisi wengine wanamshinikiza kula. Nilizisoma pamoja na wanafunzi waliojitolea, moja baada ya nyingine, na kila mmoja alinieleza alichokifikiria kabla ya kuweka alama. Msichana wa mwaka wa pili aliweka "mara nyingi" kwenye sentensi ya kuepuka kula akiwa na njaa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa utulivu, "Mwalimu, mimi nafunga Jumatatu na Alhamisi." Mwenzake kutoka Wete alisema kwamba kila akirudi likizo bibi yake humpokea kwa maneno yaleyale, "Mwanangu umekonda, una nini?", na kwamba haruhusiwi kunyanyuka mkekani mpaka chakula kipungue kwa kiasi cha kumridhisha mzee. Huyo naye alipata alama za juu kwenye sentensi tatu mfululizo, na sikuona dalili yoyote ya maradhi kwake. Niliona mjukuu anayependwa.

Sentensi ya kukata vipande vidogo haina pa kushika kwa watu wanaomega tonge kwa mkono kutoka sinia moja. Ile ya kuchelewa kumaliza inaweza kumwangukia aliyelelewa vizuri, kwa kuwa mwenyeji hufundishwa asiondoe mkono kabla ya mgeni wake. Sasa tufanye hesabu. Sentensi saba zikijibiwa "daima" zinatoa alama 21, na kizingiti ni 20. Kwa hiyo, kwa kanuni za dodoso lenyewe, mwanafunzi mwembamba kwa asili, mwenye kufunga sunna na mwenye jamaa wakarimu, anaweza kuvuka mstari wa hatari bila hata siku moja kutamani kupungua. Na si lazima afike huko kwa fungu hilo peke yake, kwa sababu katika sentensi nyingine anaulizwa kama hupenda tumbo lake liwe tupu na kama huepuka vyakula vyenye sukari. Swali la sukari, katika visiwa ambavyo karibu kila ukoo una mtu mwenye kisukari na familia nzima imeacha kutia sukari kwenye chai kwa ajili yake, halina uwezo wa kutenganisha hofu ya unene na agizo la daktari.

Liko jambo jingine ambalo dodoso haliulizi, nalo ni kama chakula kipo. Wanafunzi wetu wanalo neno la kukaa kutwa bila kula kwa kukosa fedha. Wanaita kupiga pasi ndefu, na msimu wake unajulikana, nao ni wiki ambazo fedha za mkopo zimechelewa. Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu vijana weusi wa familia maskini, watafiti walirudi kwa waliopata alama za juu za dodoso hili wakazungumza nao, na wakabaini kwamba baadhi ya alama hizo zilitokana na njaa na uhaba wa chakula nyumbani, si hamu ya wembamba. Jambo hili lilinigusa kuliko yote niliyosoma. Kumwandika kijana mwenye njaa kuwa ana ugonjwa wa kujinyima chakula ni kumdhulumu mara mbili, kwani anayehitaji mlo anapewa ushauri nasaha.

Kutokana na hayo mtu angeweza kudhani kwamba dodoso linakosea kwa kuwahesabu wasio wagonjwa tu. Uzoefu wa Hong Kong unaonesha kwamba hukosea pia kwa upande wa pili, kwa kuwapita walio wagonjwa. Mwaka 1993 daktari wa akili Sing Lee na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 70 wa Kichina waliojinyima chakula hadi kudhoofika kwa kiwango cha hatari. Kati yao 41, yaani zaidi ya nusu, hawakuonesha hofu ya unene katika kipindi chote cha maradhi yao. Walipoulizwa kwa nini hawali, walisema tumbo limejaa, hawana hamu, au hawasikii njaa. Dodoso lililojengwa juu ya hofu ya unene haliwezi kumwona mgonjwa wa namna hiyo. Atajibu "kamwe" kwenye sentensi za kuogopa mafuta mwilini na atakuwa anasema kweli. Utafiti wa Ghana wa mwaka 2004 uliwakuta wasichana wa skuli za sekondari waliojinyima chakula kwa kuona fahari ya kuitawala nafsi na kwa misingi ya dini, bila kuhofia uzito. Nikiyasoma haya nawafikiria vijana wetu wanaozunguka na kauli ya "vidonda vya tumbo" mwaka mzima. Wengi wao wana vidonda kweli, na waende hospitali wapimwe. Lakini nina imani kwamba wamo wachache ambao kauli hiyo imekuwa njia inayokubalika ya kukataa sinia bila kuulizwa zaidi, na hao EAT-26 haiwafikii.

Ni haki nieleze pia kwa nini bado tunahitaji kupima, maana wapo watakaosema kwamba Zanzibar unene ni neema na kwamba tatizo hili ni la watu wengine. Ni kweli kwamba bibi harusi wetu husingwa, hulishwa na kupumzishwa ili atoke amenawiri, na kwamba kumwambia mtu "mashallah, umejaza" ni kumsifu. Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, nayo ilikuwa hivyo, tena pengine zaidi yetu. Mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa skuli katika eneo la Nadroga mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imeingia, na akapima tena mwaka 1998. Waliovuka alama 20 za EAT-26 walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2, na waliokiri kujitapisha ili kuudhibiti uzito walitoka sifuri wakafika asilimia 11.3. Hesabu ya pili ndiyo inayonishawishi, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa juu ya maswali ya vitendo.

Kwa upande wa China, Sing Lee na mwenzake walichapisha mwaka 2000 ulinganisho wa wasichana wa sekondari wa Hong Kong, wa Shenzhen na wa vijiji vya Hunan, na wasiwasi juu ya unene ulikwenda kwa ngazi, mkubwa zaidi Hong Kong na mdogo zaidi vijijini. Tangu hapo simu zimefika kila kijiji. Mwaka 2016 wasichana wa China walikuwa wakijipiga picha wameshika karatasi ya A4 mbele ya kiuno, wima, kuonesha kwamba kiuno chao hakizidi upana wa karatasi hiyo, ambao ni sentimita 21. Upo pia msemo wao usemao kwamba msichana mzuri havuki jin mia, na jin mia ni kilo 50, bila kujali kimo cha mtu. Sentimita 21 na kilo 50 ni vipimo vilivyotungwa na watu wasio madaktari, lakini binti anayelala na simu mkononi huvipa nguvu kuliko maneno ya daktari. Wanafunzi wetu wanatazama video zilezile, na huku nyumbani bado wanaambiwa wanenepe. Binti wa leo wa Unguja anasukumwa pande mbili kwa wakati mmoja, na dodoso linaloangalia upande mmoja tu litampima nusu.

Dodoso la pili, EDE-Q, lilitungwa na Christopher Fairburn na Sarah Beglin wa Oxford, likachapishwa mwaka 1994. Lina maswali 28, linauliza juu ya siku 28 zilizopita, na maswali yake ya fikra hupewa alama kuanzia 0 hadi 6 katika maeneo manne: kujizuia kula, wasiwasi juu ya kula, wasiwasi juu ya umbo, na wasiwasi juu ya uzito. Kwa matumizi yetu linalishinda EAT-26 kwa jambo moja ambalo naliona ndilo la msingi, yaani linauliza nia. Haliulizi tu kama umekaa saa nane au zaidi bila kula ukiwa macho. Linauliza kama umefanya hivyo ili kubadili umbo au uzito wako. Haliulizi kama unapenda tumbo tupu. Linauliza kama unataka tumbo liwe tupu kwa lengo la kubadili umbo au uzito. Wanafunzi walewale waliokwama kwenye EAT-26 walipita hapa bila taabu. Yule wa Jumatatu na Alhamisi alisoma swali la saa nane, akafikiri kidogo, akaandika sifuri, na hiyo ndiyo sifuri aliyostahili.

Hata hivyo siku hizo 28 zina shida yake kwa Waislamu. Mwezi wa Ramadhani una siku 29 au 30, kwa hiyo mwanafunzi atakayepewa dodoso hili karibu na Idi atakuwa anaeleza mwezi ambao mfumo wake wote wa kula umegeuka, kuanzia futari hadi daku. Lipo swali la kula kwa kujificha. Msichana aliye katika siku zake wakati wa Ramadhani hula faragha kwa heshima ya waliofunga, na akijibu kwa uaminifu atahesabiwa alama ya maradhi kwa tendo la adabu. Kwa sababu hii nisingeligawa dodoso lolote kati ya haya tangu mwandamo wa Ramadhani hadi ziishe sita za Shawwal, na baada ya hapo ningengoja mwezi mzima upite. Pia mwishoni EDE-Q inawauliza wanawake kama wamekosa hedhi na kama wanatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Swali la hedhi lina faida ya kitabibu na linaulizika. La vidonge, kwa binti ambaye hajaolewa na karatasi imetoka kwa mwalimu wake, linaweza kuivuruga imani yote iliyojengwa katika maswali yaliyotangulia. Lisubiri chumba cha daktari.

Watafiti waliolipeleka EDE-Q katika nchi mbalimbali, China ikiwemo, wamekuta mara kwa mara kwamba maeneo yale manne hayajitengi kama watunzi walivyotarajia, hasa umbo na uzito, ambavyo majibu ya watu huviunganisha kuwa kitu kimoja. Lipo toleo fupi la maswali 7 lililotokana na kazi hiyo, nalo linawafaa wanaotaka kupima watu wengi kwa haraka. Kwa chuo chetu ningelifikiria toleo hilo kwanza, nikalichanganya na maswali ya vitendo ya EAT-26.

Sasa nifike kwenye dodoso ambalo limenifurahisha kuliko yote, ingawa ndilo ambalo hatuwezi kulichukua lilivyo. Negative Physical Self Scale lilitungwa na Chen Hong pamoja na wenzake, likachapishwa mwaka 2006, kwa ajili ya vijana wa Kichina. Lina sentensi 48 katika maeneo matano: mwonekano kwa jumla, sura ya uso, ufupi wa kimo, unene, na wembamba. Ufupi wa kimo na sura ya uso ni mambo yasiyo na nafasi katika EAT-26, ilhali kwa mwanafunzi wa China yanaweza kuwa mazito kuliko uzito wenyewe. Wembamba nao umepewa fungu lake, kwa heshima ileile iliyopewa unene, na hili ndilo linalotuhusu moja kwa moja. Kwetu msichana anayeitwa kimbaumbau, au anayeambiwa amekauka kama ng'onda, anaumia sawasawa na anayeitwa bonge. Wapo wanaonunua vidonge vya kunenepesha bila cheti cha daktari, na katika vidonge vya aina hiyo, ambavyo huuzwa kiholela sehemu nyingi, zimo dawa zenye madhara makubwa kwa afya. EAT-26 ingempa kijana huyo alama ndogo na kumwacha aende zake.

Dodoso la namna hii likitungwa kwa ajili ya Zanzibar lingepaswa kuanza na yale yanayowasumbua vijana wa hapa. Rangi ya ngozi ingekuwa na fungu lake, kwa jinsi mkorogo ulivyoenea. Umbo la nyonga na makalio lingekuwa na jingine. Wembamba na unene vingebaki. Sijui kama kimo kingesimama peke yake. Hilo litajulikana kwa kuwauliza wanafunzi wenyewe, Unguja na Pemba, mjini na shamba, kabla ya kuandika sentensi hata moja.

Wavulana wanastahili neno, maana vipimo vingi vya fani hii viliandikwa kwa kuwafikiria wasichana. Kijana anayekwenda kwenye mazoezi ya vyuma kila jioni, anayekula mayai kwa idadi na kununua unga wa protini kwa fedha ya kodi ya chumba, hataki kupungua; anataka kujazia kifua na mikono. Kwake lipo dodoso la Drive for Muscularity Scale la mwaka 2000, lenye sentensi 15, ambalo limejaribiwa pia kwa wanaume wa China. Nimelisoma na naliona linafaa kuambatishwa.

Juu ya kizingiti cha alama 20, watumiaji wanapaswa kuelewa maana yake kabla ya kumwita mtu ofisini. Tuchukulie chuo chenye wanafunzi 1,000, na tuchukulie kwamba 20 kati yao wana ugonjwa wa ulaji. Tuchukulie tena kwamba dodoso ni zuri, linawakamata 16 kati ya hao 20, na linakosea kwa mtu mmoja tu katika kila kumi wasio wagonjwa. Wasio wagonjwa ni 980, kwa hiyo 98 watavuka mstari bila sababu. Walioitwa watakuwa 114, na wagonjwa kati yao ni 16, yaani takriban mmoja katika kila saba. Namba hizi ni za mfano, lakini hesabu yake haikwepeki popote ambapo ugonjwa ni wa wachache. Anayesema kwamba asilimia fulani ya wanafunzi "wana matatizo ya ulaji" kwa kuwa tu walivuka 20, awe wa China au wa kwetu, amedai zaidi ya karatasi yake inavyoweza kuthibitisha. Kuvuka mstari ni mwaliko wa mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayotambua ugonjwa.

Lililobaki ni namna ya kugawa. Visiwa vyetu ni vidogo, na aliye kwenye dawati la ushauri anaweza kuwa shemeji wa baba wa mwanafunzi. Karatasi zisiwe na majina bali namba, na anayezikusanya asiwe mwalimu anayesahihisha mitihani ya hao hao. Mizani ya uzito, ikiwa lazima itumike, iwe nyuma ya pazia, na namba isisomwe kwa sauti. Vyuo vingi vya China hukusanya majibu kwa simu, na njia hiyo inawapa wanafunzi faragha zaidi kuliko karatasi inayopitishwa kutoka mkono hadi mkono ukumbini. Ningeichagua hapa pia, mradi fomu isidai namba ya simu wala barua pepe.

Uamuzi wangu ni huu. EAT-26 nzima, ilivyo, siipendekezi kwa vyuo vya Zanzibar kama kipimo pekee, na fungu lake la kujidhibiti lisihesabiwe kabisa katika jumla. Maswali yake ya vitendo yatumike, kwa Kiswahili kilichosomwa na wanafunzi kwanza. EDE-Q, hasa toleo la maswali 7, ndiyo iwe msingi, bila swali la vidonge na nje ya msimu wa kufunga. Maswali mawili yaongezwe mwanzoni: kama mwanafunzi alikosa chakula kwa kukosa fedha katika mwezi uliopita, na kama kuna mtu aliyemkejeli kwa wembamba au unene wake. Atakayejibu ndiyo kwenye swali la fedha apelekwe kwa mlezi wa wanafunzi siku hiyohiyo, si kwa mshauri nasaha. Na kabla karatasi ya kwanza haijagawiwa, chuo kiwe kimekubaliana na kitengo cha afya ya akili, kwa Unguja kilicho karibu ni Kidongo Chekundu, juu ya nani atampokea mwanafunzi anayejitapisha au aliyedhoofika, kwa siku gani, na kwa njia ipi isiyomlazimu kupanga foleni mbele ya watu wanaomjua.